Usalama wa maigizo ni nini?

Ukiingia duka kubwa Kampala utamkuta mlangoni: askari wa kampuni binafsi na kifimbo chake cha kugundua chuma. Anakupitishia kiunoni, kinalia. Huenda ni funguo, huenda ni simu, huenda ni kisu. Hakuulizi. "Pita, ssebo." Pembeni mwenzake anafungua buti la gari, anatupia jicho tairi la akiba, anafunga. Mkoba ulio kiti cha mbele hakuna aliyeugusa.

Huo ndio usalama wa maigizo: ulinzi unaowatuliza watu roho lakini haumsumbui sana mwenye nia mbaya. Dhana hiyo ilipewa jina na Mmarekani Bruce Schneier, mtaalamu wa usalama wa kompyuta, katika miaka iliyofuata mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Sura yake mbaya zaidi ilionekana Iraq, ambako Mwingereza mmoja aliuza kwa mamilioni ya dola vifaa vya "kugundua mabomu" ambavyo vilikuwa mpini na antena tu, ndani havina chochote kinachofanya kazi. Askari walisimama navyo barabarani Baghdad wakikagua magari. Mwaka 2013 mahakama ya Uingereza ilimfunga miaka 10.

Lakini si kila ukaguzi ni mchezo wa kuigiza. Kati ya 1968 na 1972 ndege za Marekani zilitekwa zaidi ya mara 100. Januari 1973 ikawa lazima kila abiria na mzigo wake wa mkononi wakaguliwe, na utekaji ukashuka ghafla. Sisi Uganda tunalo funzo la upande wa pili. Ndege ya Ufaransa iliyoletwa Entebbe mwaka 1976 ilitoka Tel Aviv ikielekea Paris. Watekaji walipandia Athens, mahali ambapo ukaguzi ulikuwa legelege, silaha zikiwa mizigoni mwao.

Tatizo linaanza pale ukaguzi unapokimbizana na tukio la jana. Desemba 2001 mtu alijaribu kulipua ndege kwa bomu la kwenye kiatu, na baadaye abiria wakaanza kuvuliwa viatu. Mwaka 2006 ikagunduliwa London njama ya kutumia vimiminika, tukabaki na vichupa vya mililita 100. Krismasi ya 2009 Umar Farouk Abdulmutallab, kijana wa Nigeria, akapanda ndege ya kwenda Detroit na baruti ndani ya chupi. Viatu vyake havikuwa na neno.

Na hapa ndipo penye uzito. Wiki kadhaa kabla, baba yake mzazi alikwenda ubalozi wa Marekani Abuja akasema ana wasiwasi na mwanawe. Hakuna mashine inayoishinda taarifa ya namna hiyo. Iliandikwa, ikaingia kwenye mafaili, na viza ya kijana ikabaki palepale. Kilichowaokoa abiria ni baruti kutowaka vizuri, na abiria wenzake waliomrukia. Mashine zenyewe hazina rekodi ya kujivunia: mwaka 2015 ilifahamika kwamba maofisa waliojifanya abiria walipitisha silaha na mabomu bandia katika viwanja vya Marekani mara 67 kati ya majaribio 70.

Kinachofanya kazi mara nyingi hakionekani, kama mlango wa marubani ulioimarishwa baada ya 2001. Nao una gharama yake. Machi 2015 rubani msaidizi wa Germanwings alimfungia mwenzake nje akaiangusha ndege milimani Ufaransa. Walikufa watu 150.

Mpakani hali ni ileile, tena wazi zaidi. Pale Busia, kati ya Uganda na Kenya, kuna kituo cha pamoja, dirisha la uhamiaji, alama za vidole. Mwenye pasipoti anapanga foleni. Mwenye magendo anazunguka na boda kwenye njia za panya, kwa sababu mji ni mmoja, umegawanywa na mstari tu. Ukiongeza ukali dirishani unamchelewesha yule aliyekuja dirishani. Kwa hiyo mimi hatua yoyote mpya huipima kwa swali moja: anayetaka kudhuru akishaijua, itamlazimu abadilishe nini? Kama jibu ni kuvaa viatu vingine, au kupita mtaa wa pili, basi tumenunua foleni.

Baada ya mabomu ya Julai 2010 pale Kyadondo na Kabalagala, vifimbo hivi vilienea Kampala nzima. Siku moja nilimuuliza mmoja wa walinzi, "Afande, ukilikuta bomu kweli, unafanyaje?" Redio hana, bunduki hana. Akacheka, akakirudisha kifimbo kwenye mkanda.

"Nakimbia, ssebo. Tena nakupita."