Mlinganisho wa Maneno Hutatuliwa kwa Sentensi

Kazi yangu ni kutunga na kusahihisha maswali ya lugha, na katika maswali yote ninayoyashughulikia, ninayoyapenda zaidi ni yale ya mlinganisho wa maneno. Mtahiniwa hupewa jozi moja iliyokamilika pamoja na neno la kwanza la jozi nyingine, kisha hutakiwa kutafuta neno litakaloifanya jozi ya pili ihusiane sawasawa na ile ya kwanza. Wazo lenyewe ni la kale sana. Aristotle, alipoandika kuhusu ushairi, alieleza kwamba uzee kwa maisha ni kama jioni kwa siku, na kwamba kwa sababu hiyo mshairi anaweza kuuita uzee jioni ya maisha.

Wanaokosa maswali haya mara nyingi hawakosi kwa uhaba wa msamiati. Wanayajua maneno yote manne, lakini huchagua lile linaloelekea kufanana au kuandamana na neno la tatu bila kujiuliza linaandamana nalo kwa namna gani. Dawa yake ni kutunga sentensi. Kabla hujayatazama majibu, tunga sentensi fupi inayoyaunganisha maneno mawili ya kwanza na kuutaja uhusiano wao waziwazi, kisha yaondoe maneno hayo na uweke ya jozi ya pili mahali pake, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Sentensi ikisimama, jibu ni hilo. Ikiyumba, jaribu neno jingine.

Tuanze na visawe, ambavyo ndivyo vyepesi zaidi. Swali linasema rafiki : sahibu :: adui : ?, na majibu ni vita, chuki, rafiki na hasimu. Majibu matatu ya mwanzo hayakuwekwa kwa kubahatisha: vita huletwa na maadui, chuki ni hisia iliyo baina yao, na rafiki ni kinyume cha adui. Yote yana uhusiano na adui, ila hakuna hata moja lenye uhusiano unaotakiwa. Sentensi yako ikiwa "sahibu ni jina jingine la rafiki", basi ni hasimu peke yake anayeweza kuingia.

Ugumu hujitokeza pale kisawe kinapobeba jambo la ziada. Tazama zaa : jifungua :: kufa : ?, penye majibu kukata roho, kufariki, kuishi na kuzika. Hapa visawe viko viwili, kwa maana kukata roho ni kufa na kufariki pia ni kufa. Aliyetunga sentensi isemayo "maneno haya yana maana moja" amekwama, na hana budi kuirudia jozi ya kwanza aitazame kwa makini zaidi. Zaa husemwa kwa mtu na kwa mnyama, ilhali jifungua ni neno la heshima linalotumika kwa mwanamke. Sentensi iliyo kamili ni "jifungua ni namna ya heshima ya kusema zaa", nayo humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye kufariki.

Vinyume vinahitaji subira zaidi, kwa sababu maneno huweza kupingana kwa njia mbalimbali, na mtunzi makini hutarajia uzitofautishe. Kuna vinyume visivyo na nafasi katikati, kama hai na mfu: kiumbe ambacho si hai ni mfu, basi. Namba nzima ambayo si shufwa ni witiri. Kuna vinyume vyenye nafasi katikati, kama refu na fupi, kwa kuwa mtu asiye mrefu si lazima awe mfupi. Yumkini ni wa kimo cha wastani. Kuna pia vinyume vinavyolitaja tukio moja kutoka pande mbili, kama nunua na uza, au kopa na kopesha: hakuna anayenunua pasipo mwingine kuuza. Kwa hiyo ukiulizwa ni jozi ipi inayolingana na hai : mfu kati ya refu : fupi, uza : nunua na shufwa : witiri, neno "kinyume" peke yake halitakuvusha, kwa sababu jozi zote tatu ni za vinyume. Kipimo ninachokitumia ni kukanusha upande mmoja na kuangalia kama upande wa pili unafuata kwa lazima.

Kiswahili kina aina ya nne ambayo huwa ninaifurahia sana ninapotunga maswali, nayo ni ya vitenzi vinavyolirudisha nyuma tendo lililokwisha kufanyika: funga na fungua, kunja na kunjua, ziba na zibua, bandika na bandua, anika na anua, pakia na pakua. Mwanafunzi akiulizwa kunja : kunjua :: tega : ?, mara moja huliona umbo na kujibu tegua, na yuko sahihi. Lakini umbo hilohilo linaweza kumpoteza. Nuna na nunua hayapingani, kwani kununa ni kukasirika kimyakimya na kununua ni kupata kitu kwa kukilipia. Tamba na tambua hayapingani. Punga na pungua vilevile hayapingani. Sentensi ya kujaribia inabaki kuwa "ukishafanya tendo la kwanza, tendo la pili hukirudisha kitu katika hali yake ya awali". Aliyetega mtego anaweza kuutegua. Aliyenuna hawezi kuondoa kununa kwake kwa kununua.

Kompyuta nazo zilikwama hapahapa. Mwaka 2013 watafiti wa Google, akiwemo Tomas Mikolov, walichapisha mbinu iitwayo word2vec, inayoligeuza kila neno kuwa orodha ya namba kutokana na maneno yanayolizunguka katika matini. Mbinu hiyo iliweza kutatua milinganisho ya nchi na miji mikuu yake, au ya mfalme na malkia, kwa kujumlisha na kutoa namba hizo. Vinyume, hata hivyo, viliisumbua, kwa sababu moto na baridi hutokea katika mazingira yaleyale: maji moto, maji baridi, hali ya joto, hali ya baridi. Kwa mashine inayopima ujirani, maneno hayo ni kama ndugu. Mtahiniwa anayechagua jibu kwa sababu tu "linaendana" anafanya kosa la aina hiyohiyo.

Nimefika kwenye viwango vya ukali, ambavyo kwa maoni yangu ndivyo vinavyompima mtu kwa haki kuliko vyote. Hapa maneno mawili yamo katika ngazi moja, lakini moja limekaa juu ya jingine: nong'ona, sema, piga kelele; rasharasha, mvua ya kawaida, mvua kubwa; maskini, fukara, hohehahe. Cha kwanza kuangalia ni mwelekeo. Ikiwa jozi ya kwanza ni upepo : tufani, inapanda, kwa hiyo ya pili nayo lazima ipande, na tabasamu : kicheko inafaa. Ikiwa ni tufani : upepo, basi inashuka, na anayejibu tabasamu : kicheko ameligeuza swali bila kujua.

Cha pili ni kuhakikisha kwamba maneno yamo katika ngazi moja kweli. Watu wengi huiweka mvua : gharika sambamba na upepo : tufani, na ninaelewa kwa nini, maana gharika inatisha kuliko mvua. Hata hivyo, tufani yenyewe ni upepo, upepo ulio mkali mno, wakati gharika si mvua. Ni maji yaliyofunika nchi baada ya mvua kunyesha. Jaribu sentensi "la pili husababishwa na la kwanza". Ikikubali, kama inavyokubali kwa mvua na gharika, una jozi ya chanzo na matokeo, hata kama ukali umeongezeka njiani.

Lugha yetu inazo pia njia zake yenyewe za kutia nguvu, na swali zuri huzitumia. Tunasema nyeupe pepe, nyeusi tii, giza totoro, kulala fofofo, kujaa pomoni, kuloa chepechepe. Katika nyeupe : pepe :: giza : ?, jibu tii humvutia anayejua kwamba giza ni jeusi na kwamba tii hutia nguvu, lakini kila neno lina mwenzake, na mwenzake giza ni totoro. Kurudufu nako kunahitaji uangalifu: katakata ina nguvu kuliko kata, bali chekacheka haimaanishi kucheka kwa nguvu zaidi, humaanisha kucheka mara kwa mara, pengine bila sababu. Kwa hiyo kata : katakata na cheka : chekacheka zinafanana kwa umbo tu.

Ikitokea kwamba umetunga sentensi na majibu mawili bado yanakubali, usichague kwa kukisia. Irudie sentensi uibane zaidi: ongeza mwelekeo, ongeza nani hutendewa, ongeza iwapo neno ni la heshima au la kawaida, na uangalie kama aina za maneno zinawiana, kitenzi kwa kitenzi na nomino kwa nomino. Endapo jozi ya kwanza ni wasiwasi : hofu, na majibu yaliyobaki kwa chuma cha uvuguvugu ni moto na kuungua, sentensi isemayo "la pili ni hali ileile iliyopanda daraja" inaiacha kuungua nje, kwa kuwa kuungua ni jambo linalompata aliyekigusa chuma hicho.