Jeraha la utotoni katika maisha ya mtu mzima: maswali na majibu

Kiwewe cha utotoni ni nini hasa?

Ni athari inayobaki katika akili na mwili wa mtu baada ya kupitia, akiwa bado mtoto, jambo la kutisha au la kuumiza lililozidi uwezo wake wa kulihimili, hasa pale ambapo hapakuwa na mtu mzima wa kumkinga au kumtuliza. Jambo hilo laweza kuwa kipigo, kunajisiwa, kutelekezwa, kukimbia vita usiku, kumwona mama akipigwa, au kuishi miaka mingi katika nyumba ambamo mlevi mmoja ndiye aliyeamua kama wengine watalala au watakesha. Kuwapo kwa mtu wa kumtuliza mtoto kuna uzito mkubwa. Watoto wawili wanaweza kunusurika katika ajali ileile, lakini aliyekumbatiwa, akasikilizwa na kuaminiwa, ana nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko aliyeambiwa anyamaze.

Inawezekanaje jambo la miaka thelathini iliyopita likamwumiza mtu leo?

Katika miaka ya 1980, daktari Vincent Felitti aliyekuwa akiongoza kliniki ya watu wenye unene uliokithiri huko San Diego, Marekani, alishangaa kuona wagonjwa wakiacha matibabu ilhali walikuwa wakifanikiwa kupunguza uzito. Alipowahoji, wengi walimsimulia kwamba walidhulumiwa kingono walipokuwa watoto. Yeye na mtafiti Robert Anda wakaanzisha uchunguzi mkubwa, na matokeo ya kwanza, yaliyotokana na majibu ya watu wazima 9,508, yalichapishwa mwaka 1998. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamepitia angalau aina moja kati ya aina saba za madhila ya utotoni walizoulizwa. Waliopitia aina nne au zaidi, wakilinganishwa na wasiopitia hata moja, walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kati ya mara nne na mara kumi na mbili, ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua. Magonjwa ya moyo, saratani na magonjwa sugu ya mapafu nayo yaliongezeka kadiri madhila yalivyoongezeka. Tena wengi wa watu hao walikuwa wenye bima ya afya na elimu nzuri, kwa hiyo umaskini peke yake hautoshi kueleza matokeo hayo.

Maelezo yako mwilini. Mtoto anapotishwa, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala hupiga kengele, moyo hwenda mbio, misuli hukaza, na homoni kama adrenalini na kotisoli humwagwa katika damu ili apate nguvu za kukimbia au kujitetea. Hatari ikipita, mwili hupaswa kutulia. Lakini mtoto ambaye hatari yake hurudi kila jioni, mlango unapogongwa na baba kuingia, hujifunza kutotulia kabisa, na ubongo wake unaokua hujijenga kwa kufuata funzo hilo. Ni funzo sahihi kwa nyumba ile, kwani kutambua mapema sauti ya nyayo kulimwokoa mara nyingi. Shida ni kwamba mwili hauna kalenda. Miaka mingi baadaye nyumba ile haipo tena na baba huenda amekwisha kufariki, lakini mlango ukigongwa kwa nguvu kengele hulia vilevile, na mtu hubaki akijilaumu kwa woga ambao haoni chanzo chake.

Kwetu Afrika Mashariki tatizo hili ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2009 Tanzania ilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto kwa kuwahoji vijana wenye umri wa miaka 13 hadi 24. Karibu wanawake watatu kati ya kumi, na mwanamume mmoja kati ya saba hivi, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na karibu robo tatu ya wote walikuwa wamepitia ukatili wa kimwili. Uchunguzi kama huo wa Kenya wa mwaka 2010 ulipata hali inayokaribiana na hiyo. Waliohojiwa wakati ule wote sasa ni watu wazima: ndio walimu, wauguzi, madereva, makarani na wazazi tunaokutana nao kila siku.

Lakini sisi sote tulichapwa, na mbona tumekuwa watu?

Swali hili huulizwa kwa dhati, nalo linastahili jibu la dhati. Ni kweli kwamba si kila fimbo huacha kiwewe, na kwamba wengi waliochapwa na wazazi waliowapenda wanaishi vizuri. Hata hivyo, anayeuliza swali hili ni yule aliyefika mahali pa kuuliza. Aliyetoroka shule kwa kuogopa kiboko, aliyezama katika gongo, au aliyejitoa uhai, hayupo barazani kutoa ushahidi wake. Zaidi ya hayo, baadhi ya tuliokuwa watu tunalipa gharama ambayo hatuihesabu, kwa maana tunalala kwa shida, tunawafokea watoto wetu kwa maneno yaleyale tuliyoapa kwamba hatutayatumia, na tunashindwa kulia hata msibani. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, ilhali Tanzania Bara kanuni bado zinaviruhusu kwa masharti. Kwa maoni yangu, suala hili halikupaswa kusubiri muda wote huu.

Dalili zake kwa mtu mzima ni zipi?

Hutofautiana sana, na ndiyo maana hupotea machoni petu. Kuna anayeota ndoto za kutisha au kupatwa na picha za tukio kana kwamba linatokea upya, kuna anayekwepa mahali, harufu au watu wanaomkumbusha, na kuna anayeshtuka kwa kila kishindo. Mwingine hahisi lolote, amekufa ganzi. Wengi huja hospitali wakilalamikia kichwa, tumbo au mgongo, wakapimwa malaria na taifodi mara kwa mara bila jibu. Dalili moja haitoshi kuthibitisha chochote, na hakuna anayepaswa kumbandika mwenzake jina la ugonjwa kwa kumtazama tu. Hata idadi ya madhila ambayo Felitti na Anda waliitumia kwa makundi makubwa ya watu si kipimo cha kumtabiria mtu mmoja maisha yake, na Anda mwenyewe pamoja na wenzake walionya hivyo mwaka 2020.

Kazini hali hii huonekanaje?

Chukulia ujumbe mfupi: "Bosi anakuita ofisini." Kwa mfanyakazi mmoja ni wito wa kawaida. Kwa mwingine ni mwalimu mkuu aliyeshika fimbo, na kabla hajainuka kitini mikono imekwisha kulowa jasho. Akiulizwa kuhusu hesabu zisizolingana, huenda akajibu kwa ukali unaomshangaza yeye mwenyewe, au akanyamaza kabisa, na ukimya huo ukachukuliwa kuwa kiburi au dalili ya wizi. Barua ya kujieleza ikifuata, huona afadhali aache kazi.

Yupo pia ambaye hasemwi, kwa sababu anasifiwa. Hakatai kazi yoyote, hufika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, haombi likizo, na kosa dogo humkosesha usingizi siku tatu. Utotoni alijifunza kwamba mtoto asiyekosea hapigwi. Kazi inanufaika naye mpaka siku mwili wake unapogoma, na naona kwamba mfanyakazi wa namna hii huchelewa kupata msaada kuliko yule mkali.

Mwajiri afanye nini, ikiwa yeye si daktari?

Hatakiwi kuuliza nani alipitia nini. Anachotakiwa ni kuondoa kazini mambo yanayofanana na jeraha lenyewe: kufokewa hadharani, adhabu ya ghafla, vitisho visivyoeleweka, na mabadiliko yasiyotangazwa. Anayemwita mtu ofisini aseme anamwitia nini. Anayesahihisha kosa afanye hivyo faraghani, kwa kutaja kosa bila kumtukana mtu. Hatua hizi hazigharimu fedha, na humfaa hata mfanyakazi ambaye utoto wake ulikuwa wa amani. Nyumba zetu nazo ni mahali pa kazi, kwani dada wa kazi aliyeanza kutumwa akiwa na miaka kumi na miwili hakuacha historia yake kijijini.

Kwa nini baadhi ya watu walioumizwa huikimbia hospitali?

Kwa sababu tiba, isipofanywa kwa uangalifu, hufanana na tendo lililowaumiza. Mwanamke aliyenajisiwa utotoni anafika leba, analazwa chali, anaambiwa avue nguo na kutanua miguu, na mkono wa mtu asiyemjua unamwingia bila salamu wala maelezo. Akibana miguu hukemewa, "Mbona ulipokuwa ukiitafuta hukubana?" Maneno haya husemwa. Mwanamke huyo anaweza asirudi kliniki kwa mimba inayofuata, wala kwenda kupimwa saratani ya shingo ya kizazi, na daftari litaandika tu kwamba hakuhudhuria. Hofu ya namna hiyo hutokea hata kwenye kiti cha daktari wa meno, ambako mgonjwa hulazwa, mdomo wazi, asiweze kusema.

Mkunga hahitaji kujua siri ya mgonjwa ili amhudumie kwa heshima. Ajitambulishe, aeleze atakachofanya kabla ya kugusa, aombe ruhusa, amfunike sehemu zisizochunguzwa, na wakubaliane kwamba mgonjwa akiinua mkono uchunguzi utasimama kwanza. Nayo ahadi hiyo itimizwe, maana mkono ukiinuliwa na kupuuzwa, mgonjwa amefunzwa upya funzo lilelile la zamani.

Najua wodi zetu zina wagonjwa wengi na wauguzi wachache. Najua pia kwamba baadhi ya wauguzi hao wamebeba majeraha yao wenyewe, na kila siku husikia na kuona mambo yanayoyatonesha. Muuguzi mkali huenda ni mtu aliyechoka kuumia. Hilo halihalalishi matusi, bali linawadai viongozi wa hospitali wampe muda wa kupumzika na mtu wa kuzungumza naye baada ya zamu ngumu.

Je, kuna tiba?

Ipo. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2013 tiba za mazungumzo zinazolenga kiwewe kwa watu wenye mfadhaiko unaotokana nacho. Tiba hizi si za nchi tajiri pekee. Mashariki mwa Kongo, katika utafiti uliochapishwa mwaka huohuo, wasaidizi wa kijamii waliopewa mafunzo na kusimamiwa waliwahudumia kwa vikundi wanawake walionusurika ukatili wa kingono, na nafuu yao ilikuwa kubwa kuliko ya waliopata msaada wa kawaida, nayo ilikuwapo hata miezi sita baada ya tiba kwisha. Walijifunza kuchunguza mawazo kama "kosa ni langu" na kuyapima kwa ukweli. Vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa duka la dawa bila cheti, kama diazepamu, haviponyi kiwewe na huleta uraibu.

Kikwazo kikubwa kwetu ni aibu. Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi ni hospitali za magonjwa ya akili, lakini majina yake yamegeuzwa matusi, kiasi kwamba mtu huona heri aumie kuliko kuonekana getini. Pa kuanzia si lazima pawe huko. Hospitali ya mkoa au ya kaunti inaweza kuwa na mtaalamu wa afya ya akili, na daktari wa kawaida anaweza kutoa rufaa. Mtoto aliye hatarini sasa hivi anaweza kusaidiwa kwa kupiga namba 116, Tanzania na Kenya pia.

Mtu akiniamini na kunieleza yaliyompata, nifanye nini?

Msikilize bila kumkatiza, na usimdai maelezo asiyoyatoa mwenyewe, kwa kuwa kumlazimisha mtu asimulie yote kwa mara moja kunaweza kumdhuru. Mwambie unamwamini na kwamba kosa halikuwa lake. Usiseme "hayo yamepita, mwachie Mungu" kwa nia ya kufunga mazungumzo, hata kama nyote wawili ni watu wa dini. Usimpelekee mtu mwingine habari zake bila idhini yake. Akitaja kutaka kufa, muulize waziwazi kama amefikiria kujiua, kwani kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kisha usimwache peke yake mpaka mfike kwa mhudumu wa afya. Ikiwa hakuna hatari ya papo hapo, muulize angependa nini kifuate, umkubalie hata akisema bado, na wiki ijayo mpigie simu umjulie hali.