Viza ya M ya China: hesabu za mgeni wa maonyesho ya Canton

Swali ninaloulizwa zaidi ni "viza ya China inachukua siku ngapi?" Kabla sijajibu, nami huuliza: unafuata bidhaa gani? Maana tarehe zote zitakazoandikwa kwenye fomu, kwenye mwaliko, kwenye tiketi na mwishowe kwenye viza yenyewe zinatokana na jibu hilo.

Maonyesho ya Canton, yaani maonyesho ya biashara ambako viwanda vya China huonyesha bidhaa kwa wanunuzi, yanafanyika mjini Guangzhou tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, na kila msimu una awamu tatu za siku tano tano. Msimu wa kwanza ni 15 hadi 19 Aprili, 23 hadi 27 Aprili, halafu 1 hadi 5 Mei. Msimu wa pili ni 15 hadi 19 Oktoba, 23 hadi 27 Oktoba, kisha 31 Oktoba hadi 4 Novemba. Siku za katikati mabanda yanabomolewa na kupangwa upya, mgeni hana cha kuona. Awamu ya kwanza ni ya elektroniki, vifaa vya umeme, mashine, magari na vipuri, taa na zana za mikono. Ya pili ni vyombo vya nyumbani, mapambo, vifaa vya ujenzi na samani. Ya tatu ni nguo, vitambaa, viatu, mabegi, vifaa vya kuchezea watoto, bidhaa za afya na vyakula. Mtu wa vigae akitua tarehe 15 atakuta jenereta. Mtu wa viatu akitua tarehe 23 atakuta sufuria. Na yule wa Kariakoo anayeuza taa na viatu kwa pamoja anahitaji awamu ya kwanza na ya tatu, yaani siku 21 kutoka ufunguzi hadi kufunga, bado hujahesabu siku za kwenda viwandani Foshan au kupanda treni hadi Yiwu, mji wa soko la jumla.

Ukishajua awamu, ndipo tunazungumza viza.

Viza yenyewe ni ya herufi M, ya shughuli za biashara. Wazee wa safari bado wanaita "F ya biashara", lakini tangu Septemba 2013 biashara ilihamia M, na F ikabaki ya ziara na mabadilishano ya kitaaluma na kiutamaduni. L ni ya utalii. Usishangae rafiki akikuambia aliingia maonyesho na L yake. Tatizo ni kwamba barua zako zote zinasema unakwenda kununua, halafu fomu inasema unakwenda kutalii, na anayezisoma dirishani ni mtu mmoja. M nayo ina mpaka wake: unaruhusiwa kuangalia bidhaa, kujadili bei, kusaini mkataba na kukagua mzigo wako. Kumfungashia mtu mzigo kwenye ghala lake kwa malipo ni kazi, na kazi inataka viza nyingine.

Kuna video zinazozunguka WhatsApp zikisema Guangzhou unaweza kukaa saa 240 bila viza ukiwa safarini kwenda nchi nyingine. Utaratibu huo upo kweli, ila ni wa raia wa nchi zilizo kwenye orodha maalumu, na kwenye orodha hiyo hakuna nchi ya Afrika. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda asiupange.

Sasa mwaliko, maana hapa ndipo maombi mengi yanapokwamia. Unaweza kuupata kwa njia mbili. Ya kwanza ni waandaaji wenyewe: unajiandikisha kama mnunuzi kwenye tovuti rasmi ya maonyesho, unajaza taarifa za pasipoti na kampuni, unachapa barua. Ni bure. Kishoka anayekuuzia "mwaliko wa Canton" anakuuzia kitu ambacho ungekichapa mwenyewe, na baya zaidi mara nyingine anabadilisha jina tu kwenye barua ya mteja wake wa mwaka jana. Ya pili ni kiwanda au kampuni unayonunua kwao. Hii nzuri zaidi kwa mtu mwenye historia ya mzigo, kwa sababu inaonyesha uhusiano ambao tayari upo.

Barua ya kiwanda lazima iwe na mambo ya aina tatu, na muuzaji wa China ambaye hajawahi kualika mgeni huwa anaandika nusu yake tu. Kwanza, habari zako: jina kamili, jinsia, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti. Pili, habari za safari: sababu, tarehe ya kufika na ya kuondoka, miji utakayotembelea, uhusiano wako na wao, na nani analipia nauli na malazi. Tatu, habari za anayealika: jina la kampuni, simu, anwani, muhuri, na saini ya mkuu wa kampuni kisheria. Kinachosahaulika zaidi ni nani analipia. Barua inasema "tunamkaribisha kwa furaha" na kunyamaza. Muhuri nao uwe ule mwekundu wa duara wenye nyota katikati, usomeke. Barua iliyopigwa picha kwa simu kivulini, muhuri umegeuka doa la kahawia, irudishe ipigwe skani.

Halafu weka barua kando ya pasipoti, soma herufi kwa herufi. Watanzania wengi tuna majina matatu; kiwanda kimezoea kukuandikia kwenye WeChat kwa mawili, na barua inakuja na mawili hayo hayo. Aliyebadilisha pasipoti karibuni anakuta barua imebeba namba ya zamani, kwa sababu muuzaji amenakili kutoka faili la safari iliyopita. Kosa dogo kama hili halihitaji utetezi, linahitaji barua mpya, na barua mpya inaweza kula wiki nzima ikiwa China wapo sikukuu.

Viambatisho vingine ni rahisi kuvitaja kuliko kuvipata vikiwa hai. Pasipoti yenye uhai wa miezi 6 au zaidi na kurasa tupu za viza. Pasipoti ya zamani kama ina viza za China. Fomu inajazwa mtandaoni, ukurasa wa uthibitisho unachapwa na kusainiwa. Tiketi na hoteli ziwe za kushikilia tu, zinazoweza kufutwa. Usilipie tiketi isiyorudishwa kabla pasipoti haijarudi mkononi. Kwa Tanzania andaa usajili wa BRELA, TIN na leseni ya biashara ya mwaka huu. Kwa Kenya, cheti cha usajili, PIN ya KRA na leseni ya kaunti. Leseni iliyokwisha mwezi uliopita huwa inaonekana haraka kuliko mwenyewe anavyodhani.

Taarifa ya benki mimi napenda iwe ya miezi 6, yenye muhuri wa tawi. Kiasi kina uzito wake, lakini mwendo wa fedha una uzito zaidi. Akaunti iliyokuwa na laki mbili miezi mitano, kisha milioni 30 zikaingia Jumatatu na taarifa ikachapwa Jumatano, inasema kitu ambacho hukutaka iseme. Kama fedha ni za mauzo halali yaliyokusanywa taslimu, ambatisha ankara au BL (hati ya usafirishaji wa meli) ya kontena lililopita ili historia iungane. Wenye maduka wengi wana kontena tatu nyuma yao na hawaambatishi hata karatasi moja.

Picha inawarudisha watu kwa jambo la kipuuzi kabisa. Ukimwambia mpiga picha wa mtaani "pasipoti saizi" atakupa 35 kwa 45, upana kwa urefu, kwa milimita. China wanataka 33 kwa 48: nyembamba kidogo na ndefu zaidi, mandhari nyeupe, uso mbele, kichwa chenye urefu wa milimita 28 hadi 33 ndani ya picha. Kukata ile ya 35 kwa mkasi hakusaidii, urefu haupo. Mwambie vipimo kabla hajabonyeza. Hijabu inakubalika, ila isiwe nyeupe juu ya mandhari nyeupe, na uso uonekane wote kuanzia kidevuni hadi kwenye paji.

Kadi ya njano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, haihusiani na dirisha la viza ila inahusiana na uwanja wa ndege. Inaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano na inadumu maisha yote, hivyo asikuambie mtu kwamba ya 2012 imekwisha. Jina lililo juu yake lifanane na pasipoti.

Turudi kwenye lile swali la siku. Utaratibu wa kawaida ni kama siku 4 za kazi tangu nyaraka zipokelewe zikiwa kamili. Neno zito hapo ni "kamili". Isitoshe, balozi hufunga kwa sikukuu za nchi mbili: ya kwao na ya mwenyeji. Kwa Aprili una Pasaka, una Karume tarehe 7, na Wachina wana siku yao ya kuzuru makaburi tarehe 4 au 5. Kwa Oktoba ni kubaya zaidi, maana kuanzia tarehe 1 China nzima inaingia sikukuu ya taifa, viwanda vinafungwa, na muuzaji uliyetaka akurekebishie barua yuko kijijini kwao. Anayefuata awamu ya kwanza ya Oktoba awe ameshapeleka maombi kabla ya katikati ya Septemba. Lakini usikimbilie pia miezi minne kabla: viza ya kuingia mara moja mara nyingi ina dirisha la miezi 3 tangu itolewe, na ikitoka mapema mno inakufa kabla hujaruka.

Pasipoti ikirudi, isome papo hapo. Kuna vitu vinne: herufi, tarehe ya mwisho ya kuingia, idadi ya kuingia, na siku za kukaa kila unapoingia. Wengi huchanganya cha pili na cha nne. Tarehe ya mwisho ya kuingia ni ya kuvuka mpaka tu. Haikuambii uondoke lini. Siku za kukaa zinahesabiwa kuanzia kesho yake ya siku uliyoingia. Ukiingia 12 Aprili ukiwa na siku 30, siku ya kwanza ni 13 Aprili na ya mwisho ni 12 Mei. Ukizidisha, sheria inaruhusu faini ya yuan 500 kwa siku hadi ikomee 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Ukiona mzigo hautakamilika kwa wakati, omba nyongeza ofisi ya polisi ya uhamiaji siku 7 kabla, na kupewa si haki yako.

Idadi ya kuingia ndiyo mtego wa Hong Kong. Mtu ana M ya mara moja, awamu ya pili imeisha, anapanda treni kwenda Hong Kong kuangalia simu kwa siku moja. Kwa hesabu za mpakani ametoka bara la China, na viza imetumika. Macau ni vilevile. Kama Hong Kong imo kwenye ratiba, omba mara mbili tangu mwanzo na uiandike wazi kwenye mpango wa safari.

Ukifika, dola taslimu zinazozidi 5,000 zinatamkwa forodhani. Hapa nyumbani kizingiti ni 10,000, na watu huchukulia ni kilekile. Kitambulisho cha mnunuzi unachukua kwa pasipoti halisi na mwaliko wako, mara ya kwanza bure, na kinatumika misimu inayofuata, kwa hiyo usikitupe kwenye begi la sampuli. Viwanja viko Pazhou, njia namba 8 ya metro.

Hoteli itakuandikisha polisi yenyewe. Ukilala kwa ndugu mwenye chumba Xiaobei au Sanyuanli, mitaa ya Guangzhou, nyinyi wawili mnapaswa kwenda kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24, na pasipoti yako, yeye na mkataba wake wa nyumba. Mnapewa karatasi ya usajili. Ipige picha, kisha iweke ndani ya pasipoti, kwa sababu ukienda kuomba nyongeza ya siku ndiyo ya kwanza kuulizwa.