Intarapti katika draiva za Linux: yanayodhaniwa na yalivyo

Miongoni mwa vijana wanaojifunza kuandika draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta, hapa Unguja imeenea dhana kwamba draiva ya kifaa cha PCI (mfumo wa kuunganisha vifaa na kompyuta), ili ipate intarapti, yaani ishara ya kifaa ya kukiita kichakataji, lazima ijaribu yenyewe MSI-X, ambayo hutuma ishara kama ujumbe, ikishindwa ijaribu MSI, mtangulizi wake, ikishindwa tena irudi kwenye laini ya zamani ya INTx, kila hatua na msimbo wake. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Tangu toleo la 4.8 la kerneli (kiini cha Linux) la mwaka 2016, wito mmoja wa pci_alloc_irq_vectors unatosha: draiva hutaja kima cha chini na cha juu cha vekta (nafasi za intarapti) pamoja na aina inazozikubali, na kerneli hujaribu aina hizo kwa zamu. INTx, hata hivyo, haifikiwi ila kima cha chini kikiwa 1.

Wapo pia wanaoamini kuwa anayeomba vekta 8 hupewa 8. Wito huo hurudisha idadi iliyopatikana ndani ya mipaka hiyo, au namba hasi ikikosekana kabisa, na asiyeitazama atasajili intarapti zisizokuwepo.

Dhana yenye madhara zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba devm_request_irq, wito wa kusajili intarapti, humwondolea mwandishi kila wasiwasi. Ni kweli kwamba intarapti huachiwa bila kuombwa, lakini huachiwa baada ya remove, kazi ya draiva inayoitwa kifaa kinapoondolewa, kumalizika. Ikiwa ndani ya remove umeshaita kfree, inayorudisha kumbukumbu, juu ya data ya kifaa, na kifaa chenyewe hakijanyamazishwa, intarapti inaweza kuingia katika mwanya huo na kishughulikiaji, yaani msimbo unaoijibu intarapti, kikasoma kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Basi zima kwanza intarapti kwenye rejista za kifaa, au ita devm_free_irq mwenyewe kabla ya kfree.

Kuhusu laini ya INTx, ambayo huweza kutumiwa na vifaa kadhaa, wengine hurudisha IRQ_HANDLED ("nimeishughulikia") kila mara wakidhani ndiyo salama. Laini hiyo ni kama mlango wa nyumba ya Mji Mkongwe yenye familia kadhaa: hodi ikipigwa, kila mmoja aangalie kama mgeni ni wake. Kishughulikiaji kinapaswa kusoma rejista ya hali, na kisipokuta lake kirudishe IRQ_NONE ("si yangu"). Kerneli huzihesabu intarapti: zisizo na mwenyewe zikizidi 99,900 katika 100,000, huifunga laini. Anayedanganya kwa IRQ_HANDLED huizuia kerneli kuliona tatizo, na kichakataji huendelea kuhangaishwa.