Goitein na karatasi ambazo hakuna aliyezitaka

Katika sinagogi la Ben Ezra, kwenye mji wa zamani wa Cairo uitwao Fustat, kulikuwa na chumba kisicho na mlango, ila tundu juu ukutani. Kwa desturi ya Kiyahudi, maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi jalalani. Watu wa Fustat walikwenda mbali zaidi: barua za biashara, hati za ndoa, orodha za madeni, vyote vilitumbukizwa humo kwa karne nyingi. Mwanachuoni Solomon Schechter alifika mwishoni mwa 1896 na kupeleka Cambridge, Uingereza, vipande zaidi ya 190,000. Yeye alikuwa anasaka maandiko ya dini.

Karatasi za madeni zilimsubiri mwanahistoria Shelomo Dov Goitein, mzaliwa wa Bavaria, Ujerumani, mwaka 1900. Alihamia Palestina mwaka 1923, akatafiti maisha ya Wayahudi wa Yemeni, na mwaka 1957 akaenda kufundisha Pennsylvania, Marekani. (Sisi watunza nyaraka tunajua: karatasi za madeni na biashara ndizo huachiwa mchwa.)

Nyingi ya karatasi za Fustat ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wa pwani walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Katika orodha za mikate ya sadaka, iliyogawiwa Jumanne na Ijumaa, Goitein aliwaona wajane, wageni na vipofu wa jumuiya. Hati za ndoa zilimpa nguo na vyombo vya bibi harusi, kila kimoja na bei yake. Humo ndimo kilimotoka kitabu chake A Mediterranean Society, juzuu tano na ya sita ya faharasa.

Barua inayonigusa kuliko zote ni ya David, mdogo wake tabibu na mwanachuoni Musa bin Maimon. Amevuka jangwa hadi bandari ya Aidhab, Bahari ya Shamu, na huko hakuna bidhaa ila nili, rangi ya buluu ya vitambaa. Baada ya mateso ya jangwani, anasema, safari ya bahari si kitu. Ataendelea hadi India. Anamwomba kaka yake amtulize mkewe, asimtie hofu. David alizama Bahari ya Hindi na mali ya watu, na Musa akaugua kitandani karibu mwaka mzima.

Goitein alifariki Princeton mwaka 1985 bila kumaliza kitabu chake cha wafanyabiashara wa India, alichokianza miaka ya 1950. Mtafiti Mordechai Friedman alikikamilisha, kikatoka 2008.