Kwa nini jiko la induksheni huikataa sufuria ya alumini?

Sufuria ni ileile iliyopika wali kwa kuni, kwa mkaa na kwa gesi bila kulalamika. Unaitia maji, unaiweka juu ya kioo cheusi, unabonyeza kitufe. Jiko linalia ti-ti-ti, linaandika E0 au alama nyingine ya kosa, na baada ya nusu dakika au dakika moja linajizima. Weka mahali pake kikaango kizee cha chuma, kile cha chapati, na mafuta yanapata moto kabla hujamaliza kusukuma donge la kwanza.

Jibu linalotolewa dukani ni fupi: jiko hili hutumia sumaku, na alumini haishikwi na sumaku. Maneno yote mawili ni kweli. Kosa liko kwenye hitimisho ambalo wengi wetu tulilichukua moja kwa moja, kwamba basi umeme hauingii kwenye alumini. Unaingia, tena kwa wingi. Alumini inakataliwa kwa sababu umeme hupita ndani yake kwa raha mno.

Chini ya kioo kuna koili bapa ya waya wa shaba, uliosokotwa kwa nyuzi nyingi nyembamba. Umeme wa ukutani hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Transista za jiko, yaani swichi zake za kielektroniki, huugeuza ukawa na mizunguko zaidi ya 20,000, juu ya sauti ambazo sikio la mtu linaweza kuzisikia. Koili hutoa uga wa sumaku unaogeuka kwa kasi hiyohiyo, na uga unaogeuka huzaa mkondo wa umeme katika metali yoyote iliyo karibu, kama Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Metali yoyote: chuma, shaba, fedha, na ile alumini yetu. Mikondo hiyo huzunguka katika kitako cha sufuria kama maji kwenye kizingia.

Lakini mkondo peke yake si joto. Joto hutoka pale mkondo unapokinzwa. Anayepekecha moto hutafuta ulindi mkavu, kile kijiti cha kupekechea, maana ukavu ndio unaozaa msuguano. Upake ulindi mafuta ya nazi, kisha upekeche mpaka viganja vichubuke: kijiti kitazunguka vizuri sana, na moto hautatoka. Kitako cha alumini ni ulindi uliopakwa mafuta. Mkondo unazunguka kwa nguvu, haupati cha kusuguana nacho, na maji yanabaki vuguvugu.

Chuma kina ukavu wa namna mbili. Kwanza, chenyewe hukinza umeme mara kadhaa kuliko alumini. Pili, na hapa ndipo sumaku inapoingia kweli, umeme unaogeuka haraka haupiti katika unene wote wa metali. Husongamana kwenye ngozi ya upande unaotazama koili. Katika alumini, kwa mizunguko 24,000 hivi kwa sekunde, ngozi hiyo ina unene wa nusu milimita. Katika chuma, kwa kuwa kinashikwa na sumaku, ngozi hunywea hadi karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, sawa na unene wa karatasi ya daftari. Fikiria umati uleule uliokuwa ukipita barabara ya magari sasa unasukumwa kwenye kichochoro, na kichochoro chenyewe kina mawe. Ukizidisha sababu hizo mbili, ukinzani wa chuma unafika karibu mara 40 ya ule wa alumini. Namba hiyo isishikwe kama msahafu: aina za chuma hutofautiana, na uga ukiwa mkali chuma hupungukiwa na usumaku wake. Kuna pia joto linalotokana na chuma chenyewe kusumakishwa huku na huko, ambalo maelezo mengi hulipa sifa yote. Kwa kawaida mchango wake ni mdogo ukilinganisha na ule wa mikondo.

Ushahidi mzuri zaidi uko kwenye kabati la jikoni: foili. Ni alumini, sumaku haiigusi, lakini karatasi yake ina unene wa karibu milimita 0.016, yaani nyembamba mara thelathini na kitu kuliko ngozi ambayo mkondo ungeipenda. Hapo kichochoro kinalazimishwa na wembamba wa karatasi, wala si sumaku, na foili hupata moto haraka hata kuweza kuyeyuka na kuganda kwenye kioo. Kwa hiyo usitandike foili chini ya sufuria ili kioo kisichafuke. Na huhitaji kulithibitisha hilo nyumbani. Kioo ni ghali kuliko udadisi.

Basi kwa nini jiko lisiongeze tu nguvu mpaka alumini isalimu amri? Kwa sababu koili nayo ni waya wenye ukinzani wake. Sufuria ikiwa ya chuma, ukinzani wa koili ni mdogo sana kando ya ule wa sufuria, na karibu joto lote huenda kwenye chakula. Sufuria ikiwa ya alumini, mgawanyo huo huharibika: sehemu kubwa ya joto hubaki ndani ya jiko, kwenye koili na transista. Jiko hupima hali hiyo kwa mapigo mafupi ya umeme kabla ya kuanza kazi, na likiona mzigo usiofaa hukataa. Ile ti-ti-ti ni jiko kujiokoa.

Japani, kampuni ya Panasonic imeuza majiko yanayopika hata kwa alumini na shaba. Hutumia mizunguko 60,000 au zaidi kwa sekunde ili ngozi ya mkondo izidi kunywea. Wahandisi wakakumbana na kioja kingine: mikondo ndani ya alumini hutengeneza uga unaosukumana na ule wa koili, na sufuria nyepesi yenye maji kidogo inaweza kuinuliwa au kuteleza yenyewe. Sufuria inayotaka kupaa si kitu cha kuachia mboga.

Wapo wanaouziwa sahani ya chuma ya kuweka kati ya kioo na sufuria ya alumini. Inafanya kazi kwa maana kwamba chakula kitaiva. Ila sasa sahani ndiyo inayopata moto, kioo kinachomwa kwa chini yake, kihisi joto kinadanganyika, na faida ya jiko imekwisha. Watengenezaji wengi hawaishauri.

Kwa mnunuzi wa sufuria, sumaku ya mlango wa friji inatosha kuwa kipimo, ila ipime katikati ya kitako na ikamate kwa nguvu. Stenlesi iliyoandikwa 18/10 mara nyingi haishikwi, isipokuwa kitako kimeongezwa bamba la chuma cha aina nyingine. Baadhi ya majiko huikubali hivyohivyo, mengine hapana. Alumini yenye vipande vya chuma vilivyokandamizwa chini hufanya kazi, ingawa kwa unyonge na kwa madoa ya joto. Chungu cha udongo na bakuli la kioo hazina nafasi kabisa. Kitako kiwe na upana wa sentimita 12 au zaidi, na kiwe bapa: simamisha rula juu yake, na ukiona mwanga mpana unapita chini ya rula, iache. Uga wa sumaku hudhoofika upesi kwa kila milimita.

Jiko la kuchomeka la wati 2,000 huvuta karibu ampea 9 kwenye umeme wa volti 230. Plagi ya pini tatu za bapa ya ampea 13 inaliweza, mradi soketi ni nzima, ina waya wa ethi na imelishwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu hailiwezi, hasa ikiwa imekunjwa, maana joto lake halina pa kutokea. Birika la umeme la wati 2,000 likichomekwa kwenye ekstensheni hiyohiyo, mzigo unapita ampea 17. Baada ya robo saa ya kwanza ya kupika, zima, chomoa na uguse plagi: uvuguvugu ni kawaida, ila ikiunguza au ikiwa na doa la kahawia, soketi imelegea na ibadilishwe kabla ya mlo unaofuata.

Jiko la kujengea lenye sehemu nne, la wati 7,200 hivi, ni habari nyingine. Hilo hufikia ampea 31, na hutaka njia yake yenyewe kutoka kwenye bodi: kwa kawaida waya wa shaba wa milimita 6 za mraba na breka ya ampea 32, pamoja na kinga ya kuvuja umeme ya miliampea 30. Kazi hiyo ni ya fundi umeme mwenye leseni. Seremala naye aachie nafasi ya hewa chini yake kama kijitabu kinavyosema. Jiko lisilopumua hupunguza nguvu lenyewe katikati ya pilau.

Kwenye matumizi, wengi hushangazwa na kasi. Lita 2 za maji ya nyuzi 25 huchemka kwa dakika 6 hivi katika wati 2,000, na hula kama uniti 0.2 za LUKU au tokeni. Kasi hiyohiyo huwasha mafuta: kihisi kiko chini ya kioo, hivyo hupata habari za kikaango kwa kuchelewa. Anza na nguvu ya kati, usiache kikaango kitupu, na usiondoke kwenye mafuta.

Ugali una ujanja wake. Kioo kinateleza, na ukisonga kwa mwiko sufuria huzunguka nawe au hunyanyuka upande mmoja, na jiko likilia linakata moto. Tumia sufuria nzito yenye mkono, na kwa mkono huo uikandamize chini badala ya kuiinamisha. Kwenye uji, majiko mengi ya bei nafuu hayana moto mdogo wa kweli; huwaka kwa nguvu, huzima, huwaka tena. Kitako kinene ndicho kinachosawazisha hayo. Mlio wa mvumo kwenye nguvu ya juu ni tabaka za kitako zikitetemeka, si hitilafu.

Mwenye kisaidia moyo cha umeme (pacemaker) amuulize daktari wake. Shirika la afya ya moyo la Uingereza, British Heart Foundation, linashauri kifaa hicho kiwe angalau sentimita 60 kutoka kwenye jiko.

Usafi ni mwepesi kwa sababu kioo hupashwa na sufuria tu: kikipoa, kitambaa chenye unyevu na sabuni, na siki kwa madoa meupe ya maji. Waya wa kusugulia na unga wa kusafishia hukwaruza, na vivyo hivyo chembe za chumvi chini ya sufuria inayoburutwa. Sukari iliyomwagika ni tofauti. Ikwangue kwa kisu maalumu cha kioo ingali ya moto, kwani ikipoa inaweza kung'oa vipande vya uso wa kioo. Kioo kikipata ufa, hata mwembamba kama unywele, chomoa na usipike tena: mchuzi ukipenya utakutana na umeme.

Ukimaliza, acha plagi ikiwa imechomekwa mpaka feni inyamaze yenyewe. Jiko la mezani lisogezwe sentimita 10 kutoka ukutani, lisiwekwe juu ya sinia la chuma, na matundu yake yafutwe vumbi na mafuta kila wiki kwa brashi kavu. Ndani mna joto na giza, na mende wanapenda vyote viwili. Mmoja akilala juu ya bodi ya transista anatosha kuunganisha kisichotakiwa kuunganishwa.