Detekta hainusi dhahabu: uongo tunaolishana kuhusu kutafuta dhahabu kwa mashine

Haya mambo ya detekta nimeyapenda tangu mtoto na mpaka sasa mvi zinaingia sijayachoka, na kitu kimoja naona hakibadiliki kabisa, mashine zinazidi kuwa nzuri kila mwaka ila stori zinazosimuliwa kuhusu hizo mashine ni zilezile, tena siku hizi na hizi video ndo zimenoga zaidi. Ngoja niziseme zile zinazokula hela na muda wa watu.

"Kuna mashine inavuta dhahabu kutoka mbali, hata kilomita"

Hii ndo mama yao. Jamaa kashika kishikio chenye antena mbili, anatembea taratibu, ghafla antena zinageuka zenyewe kuelekea kilimani, haya, dhahabu iko kule. Hamna kitu hapo jamani. Dhahabu ikiwa chini ya ardhi imetulia tu, haitoi mawimbi, haina "frikwensi yake" ambayo antena inaweza kuidaka ukiwa mbali. Kinachozungusha antena ni mkono wa aliyeshika, unasogea kidogo sana bila mwenyewe kujua, na kile kishikio kimetengenezwa kizunguke kirahisi. Ndo maana mara nyingine anayekuonyesha sio tapeli, anaamini kabisa anachokiona, na huyo ndo mgumu kumbishia kuliko tapeli.

Vifaa vya ukoo huu vimeshapimwa na kushindwa mara kibao. Marekani kulikuwa na kitu kinaitwa Quadro Tracker, kisanduku cha plastiki na antena, mahakama ikapiga marufuku kisiuzwe mwaka 1996. Mwaka 2002 wataalamu wa Sandia National Laboratories, maabara ya serikali hukohuko Marekani, wakapima ndugu yake mmoja anaitwa MOLE, kwa utaratibu ambao anayetafuta na anayemsimamia wote hawajui kitu kimefichwa wapi, majibu yakatoka sawasawa na kubahatisha. Halafu ikaja ile ADE 651 ya Uingereza, chimbuko lake ni kijidude cha kuchezea cha kutafutia mipira ya gofu iliyopotea, mwenye nayo James McCormick akaiuza kama kigunduzi cha mabomu, mwaka 2013 akala miaka 10 jela. Kwahiyo ukiona mtu anauza kitu chenye antena ya kuzunguka na skrini inaandika GOLD umbali wa mita 800, sasa unajua ukoo wake.

Detekta ya kweli inafanya kazi tofauti kabisa, yenyewe ndo inaanza kuichokoza metali. Koili, ile sahani yenye waya unayoipitisha juu ya ardhi, inatoa uga wa sumaku unaobadilikabadilika, uga ukikutana na metali unazalisha umeme mdogo unaozungukazunguka ndani yake, ule umeme nao unatoa kauga kake, koili inakadaka, mashine inalia. Basi. Ni kanuni ileile aliyoitumia Alexander Graham Bell mwaka 1881 kutafuta risasi mwilini mwa rais James Garfield, na inasemekana alivurugwa na springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa. Miaka zaidi ya 140 imepita na bado tunasumbuliwa na kitu kilekile, chuma kisichohusika kimekaa karibu na koili: buti zenye chuma kwenye kidole, sepetu, simu mfukoni.

"Inaona mita 5 chini"

Inategemea inaona nini. Mlio unakufa haraka sana kina kikiongezeka, kitu kikishakuwa mbali kuzidi ukubwa wa koili basi ukizidisha umbali mara 2 mlio unabaki kama 1/64 ya ulivyokuwa, sasa hapo umeme uongeze wapi. Kipunje cha nusu gramu unakipata kwenye sentimita chache tu, na hapo umepitisha koili taratibu ikiwa inakaribia kugusa ardhi. Zile mashine za fremu kubwa au za masanduku mawili kweli zinaenda chini zaidi, lakini zinaona pipa, sanduku la chuma, vitu vya saizi hiyo, kipande cha dhahabu cha kawaida zinakipita tu kama hakipo.

Na hata mabonge ya kihistoria hayakuwa chini kivile. Hand of Faith, kilo 27 na ushee, ambayo Kevin Hillier aliipata kwa detekta mwaka 1980 karibu na Kingower kule Victoria, Australia, ilikuwa kama sentimita 30 tu kwenda chini. Welcome Stranger ya mwaka 1869, jimbo hilohilo, zaidi ya kilo 70 za dhahabu, John Deason na Richard Oates waliikuta sentimita chache chini ya udongo na hawakuwa na mashine yoyote, detekta zenyewe zilikuwa hazijazaliwa.

Koili kubwa inaongeza kina kwa mabonge ila inapoteza vipunje. Watu wengi wanaofunga koili kubwa kwenye eneo la dhahabu ndogondogo wanajinyima wenyewe.

"Mashine itaniambia hii dhahabu, hii takataka"

Hapa ndo watu wanaacha dhahabu chini kila siku. Ile namba kwenye skrini ni makisio, inatokana na metali inavyopitisha umeme PAMOJA na ukubwa wake na umbo lake. Dhahabu inapitisha umeme vizuri sana, sawa, lakini kipande kidogo cha dhahabu kinaipa mashine majibu yaleyale ya kipande cha foili, kikubwa kidogo kinafanana na kile kipete cha kufungulia kopo la soda, na risasi za zamani nazo zimo humohumo katikati. Halafu dhahabu ya ardhini sio dhahabu tupu, ina fedha ndani na wakati mwingine shaba, na ina maumbo ya ajabu, nyingine imejaa matundu, kwahiyo hakuna namba moja ya dhahabu. Ukiiambia mashine inyamazie foili umeiambia inyamazie na dhahabu.

Hata kuchuja chuma kuna hatari yake. Kwenye udongo mwekundu wenye madini mengi ya chuma, dhahabu iliyoenda chini kidogo inaweza kusomeka kama msumari. Wanaopata wanachimba karibu kila kinacholia, inachosha, ndiyo, misumari na maganda ya risasi yatakutoa jasho, dawa yake ni kufunga sumaku yenye nguvu kwenye sururu, unapitisha kwenye udongo uliochimba, msumari unanasa, dhahabu hainasi. Kikinasa na mlio ukapotea, songa mbele.

Mashine ya bei kubwa je? Sio kwamba bei haina maana, ina maana, ila swali ni udongo gani na dhahabu ya saizi gani. Zile zinazoitwa VLF zinatoa mawimbi mfululizo, na za dhahabu huwa zinapanda frikwensi juu, Fisher Gold Bug 2 kwa mfano iko kHz 71, wakati za kutafutia sarafu nyingi ziko chini ya kHz 20. Frikwensi ya juu inaona vipunje vidogo sana lakini inateseka kwenye udongo mkali, yaani wenye madini mengi ya chuma. Aina nyingine, zinaitwa PI, zenyewe zinapiga pigo la umeme, zinazima, halafu zinasikiliza mwangwi unavyofifia, hizo zinavumilia udongo wenye chuma na mawe yanayolia bure, ndo maana Minelab SD 2000 ya katikati ya miaka ya 1990 iliwashtua watu Australia, maeneo yaliyoonekana yamekufa yakaanza kutoa tena. Mtu mwenye VLF kwenye udongo mpole anaweza kumpita mwenye PI ya hela nyingi vizuri tu. Na lile bonge la Boot of Cortez, kilo 12 na kidogo, lilipatikana mwaka 1989 jangwa la Sonora, Mexico, kwa detekta ya kawaida kutoka duka la Radio Shack.

Kuna ya kwamba dhahabu ikikaa sana ardhini inatengeneza duara la mlio kuizunguka inaonekana kubwa zaidi. Chuma ndo kinafanya hivyo, kinapata kutu, kutu inaingia kwenye udongo. Dhahabu haipati kutu, ndo sifa yake. Ukichimba mlio mnono halafu ukapotea mara tu ulipovuruga udongo, mara nyingi ilikuwa chuma kilichooza.

Mawe meupe ya kwatzi nayo, watu wakiyaona moyo unaenda mbio. Kwatzi nyingi haina kitu. Angalia kwatzi yenye kutu kutu, yenye madoa ya chuma, mahali ambapo miamba ya aina mbili inakutana, na zaidi ya yote mahali ambapo dhahabu imeshawahi kupatikana. Na detekta haioni unga, dhahabu ya vumbi iliyotawanyika ndani ya mwamba mashine inapita juu yake kimya, hiyo kazi ya kusaga na kuosha kwenye karai, usiilaumu mashine.

"Eneo limeshapigwa, limeisha"

Limepigwa na nani, kwa mashine gani, kwa mwendo gani? Wengi wanapepea koili kama wanafagia uwanja, wanainua mwishoni kila upande, na pale mwishoni pembeni ndo panabaki. Wachimbaji wa zamani nao walikuwa wanafuata mkondo wa kokoto, wanamwaga udongo wa juu pembeni bila kuuosha wote, mabonge yameshatoka kwenye vichuguu vya udongo waliotupa. Mimi nikiambiwa pameisha ndo nazidi kupataka, ila naenda na koili ndogo na hedifoni, natembea polepole mno, nachimba mpaka minong'ono, ule mlio ambao huna hakika kama umeusikia.

Ruhusa ni suala fupi: sehemu nyingi duniani madini ni mali ya serikali hata kama shamba ni la mtu, kwahiyo ruhusa ya mwenye shamba haitoshi na leseni nayo haikupi haki ya kuingia shambani kwa mtu. Ulizia vyote viwili kabla.

Ya mwisho, eti bonge ni gramu tu, liyeyushe uuze. Boot of Cortez iliuzwa mnadani mwaka 2008 kwa zaidi ya dola milioni 1.5, hiyo ni zaidi ya mara 3 ya thamani ya dhahabu yake kwa bei ya wakati ule, kwa sababu wakusanyaji wanalipia umbo. Kwahiyo ukipata kipande chenye sura nzuri, hasa kilichong'ang'ania kwenye kwatzi, usikigonge na nyundo kukitoa, usikipeleke kwenye moto, osha kwa maji na mswaki laini, pima, piga picha, halafu mwonyeshe mnunuzi wa vielelezo, yule anayelipia umbo, kabla hujamwonyesha mnunuzi wa gramu.